Aliyeleta Hakuonja

"Kesho asubuhi anapelekwa mahakamani," alisema Inspekta Kalama. "Mauaji. Nimeshatia sahihi."

Sajini Bishara hakuketi. Juu ya kiti kilichokuwa mbele ya meza ya mkuu wake palikuwa na chupa ya plastiki ndani ya mfuko wa ushahidi. Ilikuwa dawa ya kunyunyizia kunde, nusu imetumika. Askari waliikuta kwenye kibanda cha mzee Charo huko Kilelengwani.

"Afande, kila shamba la huko lina chupa kama hii."

"Lakini si kila shamba lililopeleka mnazi Golbanti siku ya Alhamisi." Kalama alisukuma kofia yake nyuma. "Mgema ni yeye. Kibuyu ni chake. Mwanawe ndiye anayeoa. Wamefika kwa wakwe, mnazi wa mahari umetengwa, kila mtu anamtazama aonje kwanza ili aondoe sumu. Hiyo ndiyo desturi yetu sisi Wagiriama, na Wapokomo wanaijua pia. Yeye anageuza uso, anampa ndugu yake aonje. Silas, baba wa binti, anamaliza kikombe chake. Kabla wali haujaiva ameanguka. Wewe ni mtoto wa wafugaji, Bishara, mnazi huujui. Mimi nimelelewa chini ya minazi. Aliyeleta asipoonja, usinywe."

"Huyo ndugu yake aliyeonja yuko hai?"

"Yuko hai."

"Na wazee waliokunywa kibuyu kile kile?"

"Wako hai, na wamekasirika. Sumu aliitia kwenye kikombe."

"Kikombe kilitoka wapi?"

"Kabatini mwa Silas. Mjane wake alikileta mwenyewe."

"Na mnazi ulimiminwa mbele ya watu wote. Sasa Charo aliitia saa ngapi?"

"Hayo atayaeleza yeye kwa hakimu." Kalama aliinuka, akaenda dirishani. Nje ya lango, chini ya bango la kampuni ya simu, vijana wanne wa Kipokomo walikuwa wamekaa juu ya pikipiki zao bila kuongea. "Unawaona wale? Ni watu wa Isaac, ndugu ya Silas. Wamenoa mapanga. Wanataka kukata minazi yote ya Charo, kisha wamkate na yeye. Nikimwachilia bila jibu, hafiki kwake. Mkemia wa serikali atachukua wiki nyingi. Niletee jibu jingine leo, au huyu mzee anakwenda."

"Nitaleta," alisema Bishara.

Koplo Dida, mlinzi wa seli, alimngoja kwenye ukumbi. Alikuwa kijana wa Kiorma kama yeye, na uso wake ulionyesha hofu.

"Afande, kabla hujaingia. Huyo mzee anakojoa damu. Wallahi sijamgusa. Wasije wakasema ni mimi nilimpiga."

"Lete ndoo."

Dida alifunua ndoo huku ameshika pua. Bishara aliinama akaangalia kwa muda. Ulikuwa mkojo wa rangi ya machungwa, unang'aa, karibu na wekundu.

"Ng'ombe wa kwenu waliwahi kupata ugonjwa wa kupe?"

"Mara nyingi."

"Walikuwa wanakojoaje?"

Dida alifikiri. "Kama kahawa. Nyeusi."

"Hiyo ndiyo damu. Hii si damu. Hii ni rangi."

"Basi alikunywa sumu yake mwenyewe."

"Mbona hajafa?"

Dida alifungua mlango.

Mzee Charo alikuwa amekaa pembeni kabisa ya seli, mbali na mahabusu wengine wawili, mgongo ukutani. Alikuwa amekonda. Kikombe chake cha bati alikuwa amekiweka nyuma yake, na Bishara alipoingia alikisogeza zaidi.

"Shikamoo, mzee Charo."

"Marahaba, mwanangu."

"Kwa nini hukuonja?"

"Sikuwa na kiu."

"Kuonja si kwa kiu. Ni kwa heshima."

"Ndugu yangu alionja. Heshima ya ndugu ni yangu."

"Umegema tangu lini?"

"Tangu nilipokuwa na meno yote."

Mmoja wa mahabusu alicheka. Bishara hakucheka, lakini alichuchumaa ili macho yao yawe sawa.

"Na katika muda huo wote, umewahi kupeleka mnazi kwa watu bila kuuonja?"

Charo alitaka kujibu, akakohoa. Aligeuza uso ukutani, akajifunika mdomo kwa ncha ya kikoi, akakohoa mpaka mabega yakatulia. Kisha alikunja ile ncha kwa ndani.

"Ile dawa ya kunde?" Bishara aliuliza.

"Ni ya kunde. Nenda ukaziulize kunde."

"Mzee, kesho utapelekwa kwa hakimu. Ukiniambia kwa nini hukuonja, huenda ukatoka."

"Nikikuambia, mimi nitatoka." Charo alimtazama kwa mara ya kwanza. "Lakini mwanangu hataoa. Basi niache hapa."

Bishara aliinuka. Mlangoni alimwuliza Dida kwa sauti ya chini, "Hicho kikombe chake kimekaa hivyo tangu lini?"

"Tangu afike. Hataki kioshwe na vya wengine. Anasema ni mwiko wa kwao."

"Mpe maji ya kutosha," alisema Bishara. "Na fungua madirisha yote ya seli. Sasa hivi."

* * *

Daktari Jibril ndiye aliyeupasua mwili wa Silas. Bishara alimkuta akila mkate kwa haraka, koti lake jeupe limetundikwa nyuma ya mlango.

"Mkojo wa rangi ya machungwa?" Daktari aliacha kutafuna. "Sajini, mimi siwezi kukufungulia faili la mtu yeyote."

"Sijaomba faili. Nimekueleza rangi tu."

"Rangi haina siri." Alifuta mikono. "Kuna dawa ya kifua kikuu inayopaka rangi hiyo kwenye mkojo, hata kwenye jasho na machozi. Wagonjwa wapya huja hapa wakilia kwamba wanakufa. Mtu wako anakohoa, amekonda?"

"Ndiyo. Na anaficha kikombe chake."

"Basi unajua."

"Mtu akiwa kwenye dawa hizo mnamwambia nini kuhusu mnazi?"

"Asiuguse hata kwa ncha ya ulimi. Dawa zile ni kazi nzito kwa ini. Pombe nayo inashughulikiwa na ini hilo hilo. Ukizirundika pamoja, ini linaharibika, macho yanakuwa ya manjano, tunakuzika." Alikata kipande kingine cha mkate, kisha akakirudisha. "Kumbe ndiyo maana hakuonja! Kwa nini asiseme?"

"Amekwenda kuposa. Nani atatoa binti yake kwenye nyumba yenye kikohozi?"

"Ugonjwa huo unapona."

"Waeleze wakwe." Bishara alivuta kiti. "Sasa tumwache Charo. Niambie kuhusu Silas. Ile dawa ya kunde inawezekana?"

"Hapana, na nilimwambia Inspekta. Sumu ya wadudu hufanya mboni za macho kuwa ndogo kama tundu la sindano. Mtu hutokwa na mate na jasho, hujiharishia, na mwili hunuka ile dawa. Silas hakuwa na hata moja ya hizo. Alikuwa na moyo uliopanuka. Presha ya muda mrefu, nadhani hata yeye hakuijua. Moyo ulisimama. Kilichousimamisha sikukiona kwa kisu."

"Nikuambie watu walichokiona?" Bishara alifumba macho ili akumbuke sawasawa. "Alimaliza kikombe, akazungumza vizuri. Baada ya muda mfupi alifungua shati, akasema anaungua. Macho yakawa mekundu. Shingo ikamwasha. Akashika kichwa, akasema kinagonga kama ngoma. Akatapika. Akashika kifua, akaanguka. Wazee waliokunywa naye hawakuhisi kitu."

Jibril alikuwa ameacha kusogea.

"Hakuna aliyeniambia habari ya kuungua," alisema polepole. "Walisema alitapika akaanguka tu."

"Waliniambia mimi. Akina mama waliokuwa wanapepeta mchele."

Daktari alisukuma mkate kando. "Wewe ni wa kwetu, nitakueleza kwa ng'ombe. Umeona pale mnadani, njia ya kuwapitishia ng'ombe wakachanjwe, ina lango la mbele na lango la nyuma?"

"Nimekulia hapo."

"Ini liko hivyo. Pombe ikipita lango la kwanza, ini linaigeuza kuwa kitu kingine, na hicho kitu ni kikali kuliko pombe yenyewe. Ni sumu. Lakini hakikai. Lango la pili liko wazi, kinapita, kinageuzwa kuwa kitu kama siki, mwili unakitumia, basi. Ndiyo maana mtu anakunywa jioni na asubuhi analima. Sasa wewe funga lango la pili kwa kamba. Ng'ombe wanaendelea kuingia. Nini kinatokea?"

"Wanakanyagana katikati."

"Ile sumu inajaa kwenye damu. Uso unawaka, macho mekundu, kichwa kinagonga, unatapika, moyo unakwenda mbio na presha inaanguka. Mwenye moyo mzima hujuta na kupona. Mwenye moyo kama wa Silas..." Hakumaliza.

"Kamba ni nini?"

"Kuna dawa moja mbili za kawaida zinazosemekana kufanya hivyo. Lakini iko moja iliyotengenezwa kwa kazi hiyo hiyo, ya kuwaachisha watu pombe. Inaitwa disulfiramu. Mlevi anaimeza kila siku kwa hiari yake, chini ya daktari, baada ya kupimwa moyo. Akijaribu kunywa anaumwa, anaogopa, anaacha. Kwa hiari yake, Sajini. Nakazia hapo."

"Ikitiwa kwenye chai bila yeye kujua?"

"Ladha yake haisikiki sana. Chai ya maziwa yenye tangawizi ingeificha."

"Na angeacha kupewa, lango lingefunguka baada ya muda gani?"

"Hapo ndipo watu hukosea. Lango halifunguki kwa sababu paketi imeisha. Ini inabidi litengeneze jingine jipya. Inaweza kuchukua hadi wiki mbili."

Bishara alikuwa tayari amesimama. "Mwandikie mkemia, umwambie atafute nini."

"Leo hii. Lakini hatajibu kesho."

"Najua. Kesho nitajibu mimi."

* * *

Silas hakunywea nyumbani. Kila mtu wa Golbanti alijua kwamba alinywea kwa Elsie, nyuma ya migomba, kwenye banda lililokuwa na viti vya mbao na paa la makuti. Bishara alipozima pikipiki, wanywaji waliuona mtandio wake chini ya kofia ya polisi wakapiga makofi.

"Karibu, afande! Kata ya kwanza ya mnazi ni bure kwa Waislamu!"

"Na ya pili?"

"Ya pili anakunywa imamu!"

"Niwekee maji," alisema Bishara, akaketi katikati yao. Walicheka, wakasogea kumpa nafasi. Elsie mwenyewe hakucheka. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia mashua ng'ambo, na alimletea maji bila kumtazama.

"Mama Elsie, nataka kujua Silas alikunywa hapa mara ya mwisho lini."

"Ndiyo hayo sasa. Mmemaliza na Charo, mmekuja kwangu?"

"Kwa nini nije kwako?"

Mzee mmoja alidakia, "Si kwa sababu ya ile siku!"

"Nyamaza, wewe," alisema Elsie.

"Siku gani?"

Elsie alifuta mikono kwenye leso. Aliona hakuna pa kutorokea. "Mwezi huu ulikuwa mchanga. Silas alikuwa ameapa kanisani kwamba ameacha. Akakaa kidogo, akaja hapa kisirisiri, akasema, Elsie, nitilie nusu tu. Nikamtilia. Hata haijashuka vizuri, akawa mwekundu, anajikuna, anasema moyo unataka kutoka. Akatapika pale kwenye mgomba. Watu wakaanza kusema mnazi wa Elsie una dawa! Wiki nzima nilimwaga mnazi."

"Wengine waliokunywa?"

"Hawa hapa! Mzima huyu, mzima yule, na yule ni mzima kuliko alivyozaliwa."

"Mnazi ule uligemwa na Charo?"

"Charo wa Kilelengwani? Sinunui kwake. Wangu unatoka hapa hapa."

Bishara alishika kikombe cha maji bila kunywa. Mahali pawili, mnazi wa watu wawili tofauti, na ugonjwa mmoja kwa mtu mmoja.

"Silas alisema nini baada ya kutapika?"

Yule mzee alijibu, na safari hii Elsie alimwacha. "Alisema Mungu amekikubali kiapo chake. Alisema pombe imemkataa yenyewe. Alifurahi, afande. Alirudi nyumbani anaimba wimbo wa kanisani."

"Basi kwa nini alikunywa siku ya Alhamisi?"

Wote walimtazama kama mtu aliyeuliza kwa nini mto una maji.

"Mnazi wa mahari," alisema Elsie. "Baba asipoumaliza, ni kama amekataa kumtoa binti. Hata mchungaji anajua. Kile si kinywaji, ni jibu."

* * *

Nyumbani kwa Silas wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka chini ya turubai la matanga. Isaac, ndugu ya marehemu, alisimama kwenye njia, panga limening'inia mkononi kama kitu cha kawaida.

"Umeleta habari za huyo muuaji?"

"Nimekuja kumpa pole Mama Pauline."

"Mpe. Kisha mwambie Inspekta wako asipofanya kazi, sisi tunajua kufanya."

Pauline, yule binti aliyeposwa, ndiye aliyemletea Bishara chai. Macho yake yalikuwa yamevimba. Aliweka kikombe chini, akabaki amesimama.

"Baba mkwe hakufanya hivyo," alinong'ona. "Ananiita mama. Mtu hawezi kukuita mama kisha akuulie baba."

"Chai nzuri," alisema Bishara. "Baba alikuwa akiipenda hivi, yenye tangawizi nyingi?"

"Ndiyo. Ilikuwa kazi yangu, kumpelekea kila asubuhi. Halafu mama akaichukua. Alisema mwanamume aliyemwapia Mungu anastahili kuhudumiwa na mkewe. Hata kikombe chake tulikatazwa kukigusa."

"Muda mrefu?"

"Tangu kiapo. Jumapili iliyopita akanirudishia. Akasema, haya, mpelekee baba yako mwenyewe, siku zako hapa zimebaki chache." Alianza kulia. "Nikampelekea mpaka Alhamisi."

Bishara alimaliza chai yake yote, kwa sababu ilikuwa ya matanga. Kisha alimwomba Christabel, mjane, waingie jikoni.

Christabel alikuwa mrefu, amejifunga leso nyeusi kichwani. Alikuwa ndiye aliyepiga kelele kwa sauti kubwa kuliko wote siku ya Alhamisi, ndiye aliyemnyooshea Charo kidole. Alifunga mlango wa jikoni, akasimama kando ya mafiga yaliyopoa.

"Mmemnyonga?"

"Bado hata hajasomewa mashtaka."

"Hakuonja. Sote tulimwona."

"Hakuonja kwa sababu anatumia dawa, na daktari amemkataza pombe. Angeonja, angejidhuru. Mama Pauline, si kila mtu anayekataa kikombe ana sumu. Wengine wana dawa."

Bishara alimweleza kuhusu ini na malango mawili, taratibu, kama alivyoelezwa. Alimweleza juu ya ile siku kwa Elsie. Mjane alisikiliza, mikono imeshika ukingo wa meza.

"Iko dawa inayofunga lango la pili," alimalizia Bishara. "Mtu akiacha kuinywa leo, lango halifunguki kesho. Huweza kubaki limefungwa hata wiki mbili."

"Wiki mbili?" alisema Christabel. Ilitoka haraka, kabla hajaizuia. "Yule mtu alisema ukiacha, imeacha."

Nje, mwanamke mmoja alianzisha wimbo wa maombolezo na wengine wakamwitikia. Bishara alingoja mpaka wakamaliza ubeti.

"Mtu gani, Mama Pauline?"

Christabel aliketi chini, kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi. "Anakuja mnadani Garsen. Ana gari na kipaza sauti. Dawa ya kuacha pombe, mama, tia kwenye chai, hatajua, atakushukuru. Silas alikuwa ameapa, lakini nilijua hataweza. Alikuwa na kiapo kila mwaka. Nilitaka hiki kimoja kishike." Alijipiga paja. "Na kilishika! Alirudi kutoka kwa Elsie akaniambia Mungu amemsikia. Ningemwambiaje kwamba si Mungu, ni mimi?"

"Halafu mahari ikakaribia."

"Nilijua lazima atakunywa kile kikombe. Ndiyo maana niliacha Jumapili! Niliacha mapema ili apate kunywa mnazi wa binti yake kwa amani. Nikamrudishia Pauline chai ili hata mkono wangu usisahau ukatia." Alimshika Bishara mkono wa shati. "Alipoanguka nilijua si mimi. Mimi nilikuwa nimeacha. Basi nilitafuta ni nani. Nilimwona Charo, hakuonja."

Bishara hakuuondoa ule mkono.

"Sikudanganyi," alisema. "Hakuna aliyekuona ukitia. Mkemia atajibu baada ya wiki nyingi, na maneno ya chai si ushahidi wa kutosha. Ukinyamaza leo, sina kitu. Na kesho mzee Charo atapelekwa mahakamani. Kama atarudi salama au la, unamjua Isaac kuliko mimi."

"Nikisema, nitafungwa?"

"Utaulizwa maswali mazito. Nitaandika kwamba uliacha, na kwa nini uliacha. Nitaandika kwamba umesema kwa hiari yako. Zaidi ya hapo siwezi kukuahidi."

"Na Pauline atajua."

"Atajua."

Christabel aliinuka, akateremsha kikopo cha hamira kutoka juu ya kabati, mahali ambapo mwanamume wa nyumba hiyo asingefungua kamwe. Ndani, chini ya hamira, palikuwa na mfuko wa nailoni wenye vidonge vyeupe, bila jina wala maandishi. Aliviweka kwenye kiganja cha Bishara, akafungua mlango.

Isaac alikuwa bado njiani. Christabel alimwendea moja kwa moja, na wimbo wa wanawake ukakatika.

"Weka panga chini, shemeji."

"Kwa nini?"

"Mnazi wa Charo ulikuwa safi. Ndugu yako nilimpa dawa mimi, ya kumwachisha pombe, bila yeye kujua. Nilidhani imekwisha mwilini. Ilikuwa haijakwisha." Alisogea hatua moja mbele. "Ukitaka kukata, nimesimama hapa. Minazi ya watu iache."

Isaac alimtazama, kisha akamtazama Bishara, aliyeitikia kwa kichwa. Pauline alikuwa ameshika nguzo ya turubai kwa mikono miwili. Panga la Isaac liligusa mchanga kwanza kwa ncha, halafu lote.

* * *

Inspekta Kalama alisoma maelezo mara mbili. Aliangalia vidonge, akaangalia ile chupa ya dawa ya kunde kwenye kiti, akaiondoa mwenyewe akaiweka chini.

"Huyu mwenye kipaza sauti?"

"Mnada ujao atanikuta langoni," alisema Bishara.

"Utamkuta ukiwa na mimi." Alichukua karatasi aliyoitia sahihi asubuhi, akaikunja, akaitia mfukoni. "Mtoe mzee."

Charo alitolewa kupitia ukumbi, kikombe chake cha bati mkononi. Alipomwona Christabel kwenye benchi, thamosi ya matanga miguuni, alisimama mbali naye.

"Katika maelezo nimeandika kwamba hukuonja kwa ushauri wa daktari," Bishara alimwambia kwa sauti ya chini. "Ugonjwa sikuutaja. Huo ni wako."

Charo aliitikia kwa kichwa. Kisha alimgeukia mjane.

"Mkwe, nina kifua kikuu. Natumia dawa, na daktari amesema nitapona. Nilikuficha nisije nikamharibia mwanangu. Ningesema siku ile mbele ya watu, labda na wewe ungesema."

Christabel aliinamisha kichwa. "Labda," alisema.

Walikaa hivyo, ukumbi mzima ukiwatazama. Dida alisimama na funguo zake. Kalama alikuwa ameegemea mlango wa ofisi.

Christabel alifungua thamosi. Alimimina chai kwenye kifuniko chake, ikajaa mpaka ukingoni, mvuke wa tangawizi ukapanda. Hakumpa Charo. Alikinyanyua kile kifuniko juu kidogo ili kila mtu akione, akanywa yeye kwanza funda moja kubwa, akameza. Kisha akamnyoshea.

Charo alikiweka chini kikombe chake cha bati, akapokea kwa mikono miwili, akanywa.